Lizard, Poldhu na Goonhilly: Safari Katika Nchi ya Mawimbi

Rasi ya Lizard, iliyoko Cornwall kusini-magharibi mwa Uingereza, ndiyo ncha ya kusini kabisa ya bara la kisiwa cha Britania, na msafiri anayeiendea kwa barabara ya kutoka mji wa Helston hupita uwanda tambarare wa vichaka vifupi na miti iliyoinamishwa na upepo wa Atlantiki, pasipo kuona dalili kubwa kwamba katika eneo dogo linalozungukika kwa siku moja zimo sehemu tatu zilizobadili historia ya mawasiliano ya redio. Sehemu hizo ni vibanda vya Lizard, uwanja wa Poldhu na kituo cha Goonhilly, na inafaa zitembelewe kwa mpangilio huo huo, kwa sababu kila moja ilijengwa pale ambapo elimu ya iliyotangulia ilifikia kikomo. Kwa mtu mwenye wajibu wa kufundisha kanuni za redio katika klabu ya redio ya ridhaa, pengine hakuna njia fupi duniani yenye mafunzo mengi kuliko hii.

Redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), ambamo mtu aliyefaulu mtihani na kupewa leseni na mamlaka ya nchi yake huruhusiwa kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na wenzake bila malipo wala biashara. Kila mwenye leseni hupewa alama ya wito, yaani herufi na tarakimu za kumtambulisha hewani, ambazo mwanzo wake huonyesha nchi anakotoka: 5Z ni Kenya, 5H ni Tanzania, 5X ni Uganda na 9X ni Rwanda. Klabu za redio hii hufanana kila mahali kwa jambo moja, nalo ni kwamba wanachama wake hawalingani kielimu. Fundi umeme hukaa benchi moja na mwalimu wa historia, na muuguzi aliyestaafu hukaa karibu na mwanafunzi wa kidato cha nne. Anayewafundisha huvutwa kuanza na fasili na fomula, kwa kuwa ndizo zinazoulizwa kwenye mtihani, na matokeo yake ni wanachama wanaotaja matabaka yote ya anga kwa ghibu lakini wasioweza kueleza kwa nini kituo cha Dar es Salaam kinasikika vizuri Ulaya huku jirani aliyeko Dodoma akikikosa kabisa. Kila dhana ya redio ni jibu la swali lililowahi kumkwamisha mtu, na mwanafunzi asiyeonyeshwa swali hana pa kulishikia jibu.

Swali la kwanza liko Lizard. Juu ya majabali yanayotazama mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa vipo vibanda vya mbao vyeusi, ambavyo kampuni ya Guglielmo Marconi ilivisimamisha mwaka 1900 ili kuwasiliana na meli, na ambavyo leo vinatunzwa na shirika la hifadhi la National Trust. Tarehe 23 Januari 1901 kifaa kilichokuwa humo kilipokea ishara kutoka Niton katika kisiwa cha Wight, umbali wa takriban kilomita 300, na jambo hilo lilikuwa gumu kulieleza. Mawimbi ya redio ni nguvu ya umeme na usumaku inayosafiri kwa kasi ya nuru, na wanasayansi wengi wa wakati ule walitarajia yaende kwa mstari ulionyooka kama nuru yenyewe na kupotelea angani pale dunia inapojipinda. Umbali ambao antena huona kabla ya kufikia upeo hukadiriwa, kwa kilomita, kwa kuzidisha 4.1 na kipeuo cha pili cha kimo chake kwa mita. Antena iliyoinuka mita 100 juu ya bahari huona basi kilomita 41, na ikikutana na nyingine ya kimo hicho hicho zitaonana zikiwa kilomita 82 tu mbali. Kati ya Wight na Lizard mgongo wa bahari huinuka karibu kilomita 1.8 juu ya mstari ulionyooka unaoziunganisha ncha hizo mbili, na ishara ilifika hata hivyo.

Jibu lake ndilo somo la kwanza la urefu wa wimbi. Urefu wa wimbi ni nafasi kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata, na masafa ni idadi ya vilele vinavyopita kwa sekunde. Ukigawanya 300 kwa masafa yaliyo katika megahezi hupata urefu wa wimbi kwa mita, na hiyo ndiyo fomula pekee ambayo mwanachama mpya anapaswa kuijua kabla ya kugusa waya. Mitambo ya Marconi ilitoa mawimbi yenye urefu wa mamia ya mita, na mawimbi marefu kiasi hicho, yanaposafiri juu ya maji ya chumvi yanayopitisha umeme vizuri, huambaa usoni mwa bahari na kujipinda pamoja nayo. Wimbi hili la juu ya uso wa dunia huchoka upesi juu ya nchi kavu, hasa ardhi kame yenye mawe, na mtu aliyesimama mbele ya vibanda vya Lizard, mgongo wake ukiwa bara na uso wake baharini, huona mara moja kwa nini pwani ilichaguliwa.

Kutoka Lizard njia ya miguu hufuata ukingo wa majabali kuelekea kaskazini-magharibi, hupita ghuba za Kynance na Mullion, na kufika Poldhu, ambapo swali la pili liliulizwa kwa ukubwa uliotisha. Mahali penyewe ni uwanja wa majani juu ya bahari, wenye mabaki ya misingi ya saruji na nguzo ya ukumbusho ya mawe, na kando yake ni kituo kidogo cha wageni ambamo klabu ya redio ya ridhaa ya Poldhu huendesha mtambo wake na kuwaeleza wageni habari za mahali hapo. Hapa mhandisi John Ambrose Fleming alimsanifia Marconi mtambo wa cheche wenye nguvu isiyowahi kuonekana, ukiwa na antena iliyoshikiliwa na milingoti 20 iliyopangwa duara, kila mmoja ukiwa na urefu wa takriban mita 60. Dhoruba ya Septemba 1901 iliiangusha yote, na mahali pake pakasimamishwa antena ya muda yenye milingoti miwili tu na nyaya zilizotandazwa kwa umbo la upepeo. Ni kwa antena hiyo ya dharura kwamba tarehe 12 Desemba 1901 Marconi na msaidizi wake George Kemp, wakiwa Signal Hill karibu na St. John's huko Newfoundland na waya wao ukiwa umeinuliwa kwa tiara, walisema wamesikia nukta tatu za herufi S kutoka Poldhu, umbali wa karibu kilomita 3,400.

Kwa umbali huo mgongo wa bahari si wa kilomita 1.8 tena; ni wa zaidi ya kilomita 200, na hakuna wimbi la kuambaa linaloweza kulaumiwa wala kusifiwa kwa kuuvuka. Mwaka 1902 Arthur Kennelly nchini Marekani na Oliver Heaviside nchini Uingereza, kila mmoja peke yake, walipendekeza kwamba juu angani lipo tabaka linalopitisha umeme na kuyarudisha mawimbi ardhini, na uthibitisho wa moja kwa moja ulipatikana mwaka 1924, Edward Appleton na Miles Barnett walipotumia mtambo wa BBC uliokuwa Bournemouth kupima kimo cha tabaka hilo. Sehemu hiyo ya anga huitwa ionosfia. Huko juu mionzi ya jua hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi za hewa nyembamba, na elektroni hizo zilizo huru hulipinda wimbi la redio kidogo kidogo mpaka likageuka na kushuka.

Mwalimu wa klabu anapofika hapa asikimbie kumsifu Marconi, kwa kuwa shaka iliyobaki juu ya siku ile ina faida kubwa darasani kuliko sifa. Wasikilizaji walikuwa wawili, hapakuwa na utepe uliorekodi ishara, herufi ilikuwa moja na ilijulikana mapema, na zaidi ya yote ilikuwa mchana, wakati ambapo mawimbi ya kati hufyonzwa vibaya na angahewa. Ndiyo maana wahandisi wengi hadi leo wanaamini kwamba huenda masikio yaliyojaa matumaini yaliokota nukta hizo katika ngurumo za hewani. Februari 1902 Marconi alijibu kwa kupanda meli ya Philadelphia na mashine ya kuandika ishara kwenye utepe, mbele ya mashahidi, na matokeo yake yalikuwa na thamani kubwa kuliko yale ya Newfoundland: usiku herufi S kutoka Poldhu ilifika zaidi ya kilomita 3,300, lakini mchana ishara zilikoma kwenye kilomita 1,100 hivi. Hapo ndipo tabaka la D linapoeleweka bila kukaririwa. Tabaka hilo, lililo kati ya kilomita 60 na 90 juu ya ardhi, huundwa na jua na kutoweka baada ya magharibi. Mchana hulinyang'anya wimbi la kati nguvu yake kabla halijafika kwenye tabaka la juu la F linaloweza kulirudisha, na usiku huliachia njia. Msikilizaji yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kutafuta stesheni za mbali za mawimbi ya kati baada ya chakula cha usiku alikuwa tayari analijua jambo hili kwa masikio yake, na kilichobaki ni kumpa jina lake.

Ng'ambo ya ghuba inayotazamwa na Poldhu, upande wa magharibi, ipo Porthcurno, ambako nyaya za telegrafu za chini ya bahari za kampuni ya Eastern Telegraph zilitua, na mtandao wa nyaya hizo ulikuwa umefika Zanzibar kwa njia ya Aden mwaka 1879. Kampuni hiyo, ikihofia biashara yake, ilimwajiri Nevil Maskelyne kunasa ishara za Poldhu, naye alifanikiwa bila taabu. Juni 1903, Fleming alipokuwa akionyesha mtambo wa Marconi mbele ya hadhira ya Royal Institution jijini London, Maskelyne alirusha ujumbe wake wa kejeli kutoka jengo la jirani, nao ukaingia kwenye kipokezi kana kwamba ulialikwa. Tukio hilo hufundisha dhana mbili kwa pamoja. Kuchagua masafa, ambako Marconi alikuwa amekupatia hataza maarufu namba 7777 mwaka 1900, ni uwezo wa sakiti ya koili na kapasita kuitikia masafa fulani na kuyapuuza mengine. Upana wa ishara nao ni kiasi cha nafasi ambayo ishara huitumia kwenye masafa. Cheche hutapanya nguvu yake juu ya nafasi pana mno, na kipokezi cha wakati ule kilifungua mlango mpana vilevile, hivyo uteuzi wowote ulikuwa wa kiasi tu. Mwanachama wa leo anayegombana na mwenzake hewani kwa sababu kipaza sauti kimezidishwa hadi ishara ikafurika kwenye masafa ya jirani anarudia tatizo lile lile kwa vifaa vya kisasa.

Poldhu ina sura nyingine isiyosimuliwa sana, ambayo kwa waredio wa ridhaa ndiyo yenye heshima yao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwaachia watu wa ridhaa mawimbi ya mita 200 kwenda chini, kwa imani kwamba mawimbi mafupi hayafai kwa safari ndefu. Desemba 1921 Paul Godley, Mmarekani aliyetumwa Ardrossan huko Scotland, alisikia stesheni za ridhaa za nchini kwake kwa mawimbi ya karibu na kikomo hicho, na Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice nchini Ufaransa aliongea na Fred Schnell wa Connecticut, pande zote mbili zikijibizana kuvuka Atlantiki kwa mawimbi ya mita 100 hivi. Mwaka huo huo Charles Franklin alikuwa Poldhu akirusha mawimbi ya mita 97, huku Marconi akiyafuatilia ndani ya jahazi lake Elettra hadi visiwa vya Cape Verde. Mawimbi yaliyodharauliwa yalionekana kupita tabaka la D kwa hasara ndogo, kugeuzwa na tabaka la F na kutua maelfu ya kilomita mbele, kwa nguvu ambayo mitambo ya 1901 ingeiona kuwa ni mzaha.

Kutua huko mbali ndiko kunakomnyima mtu wa Dodoma sauti ya Dar es Salaam. Masafa ya megahezi 14 yakirushwa wima aghalabu hutoboa ionosfia na kupotea. Yakirushwa kwa mlalo hupindwa na kutua mbali sana, na kati ya mahali linapokomea wimbi la kuambaa na mahali linapotua wimbi la angani hubaki eneo la ukimya ambamo haisikiki kitu. Anayetaka kuwafikia majirani walio kilomita 400 mbali hushuka hadi megahezi 7 mchana na 3.5 usiku, huitundika antena yake chini, mita chache tu juu ya ardhi, na kulielekeza wimbi utosini ili lirudi kama mvua juu ya eneo lote. Kwa nchi zenye mafuriko na barabara zinazokatika, ujuzi huu mmoja una uzito kuliko mnara mrefu.

Kuna somo ambalo linafaa kufanyiwa palepale Poldhu, kwenye kipokezi, badala ya ubaoni. Vyama vya waredio wa ridhaa vimeweka duniani mitambo 18 ya ishara inayopokezana zamu kwenye masafa yale yale, kuanzia megahezi 14.100, kila mmoja ukipewa sekunde kumi, na mmoja wapo ni 5Z4B wa Kenya, unaotunzwa na chama cha waredio wa ridhaa wa nchi hiyo. Mtambo unapofikiwa na zamu yake hutaja kwanza alama yake ya wito kwa msimbo wa Morse, upesi kidogo, kisha hufuata milio minne mirefu ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa nguvu ya wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, na wa nne sehemu ya kumi ya wati. Mlio wa kwanza husikika wazi; wa pili huwa mwembamba; wa tatu humlazimu msikilizaji kusogeza sikio; wa nne mara nyingi humezwa na mvumo wa hewani, na zipo siku anga likiwa jema ambapo nao husikika, kutoka Kenya hadi Cornwall, karibu kilomita 7,000.

Katika sekunde hizo kumi desibeli inaeleweka, dhana inayowatesa wanafunzi kuliko nyingine zote. Desibeli hupima uwiano wa nguvu mbili kwa logi: hatua ya desibeli 10 ni mara kumi, hatua ya desibeli 3 ni karibu mara mbili, na milio minne ya mtambo ni ngazi tatu za desibeli 10. Aliyeusikia mlio wa tatu amejua kwa masikio yake kwamba kupunguza nguvu mara mia moja hakukuikata njia, na kuanzia hapo atafikiri mara mbili kabla ya kutoa fedha nyingi kununua kikuza nguvu kitakachompa desibeli 3, wakati waya uliopandishwa vizuri ungempa zaidi ya hizo kwa bei ya kamba na kihami. Klabu nyingi zingeokoa pesa kama somo hili lingetangulia mengine yote.

Mashariki ya Poldhu, katikati ya uwanda, sahani za Goonhilly huonekana kutoka mbali. Hapa swali ni la tatu: je, mawimbi ambayo ionosfia haiwezi kuyageuza yanaweza kuwa na kazi? Antena ya kwanza, iitwayo Arthur, ina kipenyo cha karibu mita 26 na uzito wa zaidi ya tani 1,100, na ilijengwa kwa ajili ya Telstar, setilaiti iliyorushwa tarehe 10 Julai 1962 kupokea na kurudisha picha za televisheni kwa masafa ya maelfu ya megahezi, ambayo hupenya ionosfia bila kujali. Usiku wa kwanza Goonhilly ilipata picha mbovu, huku kituo cha Pleumeur-Bodou nchini Ufaransa kikipata nzuri, na chanzo kilikuwa fasili. Wimbi la redio lina mwelekeo wa kutikisika, unaoitwa polaraizesheni. Linaweza kutikisika wima, mlalo, au kuzunguka kuelekea kulia ama kushoto kadiri linavyosonga, na wimbi la kuzunguka kulia halikubali antena ya kushoto, kama parafujo isivyoingia kwenye nati yenye hesi za kinyume. Wahandisi na wanafizikia walikuwa wanautaja mzunguko huo kwa kanuni zinazopingana, na kipande kimoja kikafungwa kinyume. Kilipogeuzwa, picha zilikuja safi. Mwalimu anayelalamikiwa kwamba anashikilia mno fasili ana ushahidi wake Goonhilly.

Katika eneo hilo hilo leo kimo kipokezi cha waredio wa ridhaa kinachosikiliza setilaiti ya QO-100, ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisikia kupitia kipokezi hicho. QO-100 ni mtambo wa ridhaa uliopandishwa ndani ya setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018 na kukaa juu ya ikweta kwa kimo cha karibu kilomita 35,800, ikizunguka pamoja na dunia na hivyo kuonekana imesimama. Hupokea karibu megahezi 2,400 na kurudisha karibu megahezi 10,489. Wati chache na sahani ndogo ya televisheni vyatosha kuitumia kwa sauti, mchana na usiku, bila kujali jua wala tabaka la D. Kutoka Cornwall sahani hulazwa ikatazama nyuzi 25 hivi juu ya upeo. Kutoka Nairobi, kwa kuwa setilaiti iko kwenye nyuzi 26 mashariki, sahani hutazama juu kwa zaidi ya nyuzi 70, karibu utosini, ambako hakuna ghorofa wala mwembe wa kuizuia. Kwa jambo hili Afrika Mashariki ina nafasi bora kuliko Cornwall.

Nauli ya kwenda Cornwall si sharti kwa klabu ya Arusha, Kisumu au Bujumbura, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia hii inasikika kutoka nyumbani. Yanatosha kipokezi cha mawimbi mafupi kinachoweza kupokea msimbo wa Morse, waya wa mita 10 uliokatwa katikati na kulishwa hapo, na saa iliyorekebishwa barabara. Walimu wa klabu wanaombwa waanze hapo kabla ya kuandika fomula ya kwanza ubaoni, na wawaambie wanachama waandike, kwa kila mtambo, ni milio mingapi waliyoisikia na saa ngapi, kwa mwezi mzima. Kwenye megahezi 14.100 mzunguko huanza kila saa inapogonga na kurudiwa kila dakika tatu, na zamu ya 5Z4B ni dakika moja na sekunde hamsini baada ya mzunguko kuanza.